Naombeni ushauri: nataka kumpeleka mzee wangu (miaka 73, goti linasumbua) akaone maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, tunatokea Mwanza

MtotoWaNyakato:

Habari za jioni wadau. Hili jambo nimelizungusha kichwani tangu Pasaka na sijapata pa kulitua, nimeona nililete hapa maana najua kuna watu wa kila kona.

Baba yangu ana miaka 73, naishi naye hapa Nyakato. Mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka 19 aliondoka kwao Magu akaenda kutafuta kazi kwenye reli ya TAZARA, ile iliyojengwa na Wachina, akapangiwa upande wa Kilombero na kambi yao ilikuwa maeneo ya Sanje chini kabisa ya milima ya Udzungwa. Alikaa kule kama miaka miwili hivi halafu wakahamishwa. Sasa katika habari zote za ujana wake hii ndiyo haimchoshi, kila mtoto wa nyumba hii amekua anasikia habari ya maji yanayoning'inia mlimani, anasema asubuhi ukitoka kwenye hema unayaona meupeee kama shuka mtu kaianika juu ya msitu na hujui aliyeianika alipitia wapi. Sisi watoto wa ziwa tulikuwa hatuelewi kabisa. Maji tunayoyajua sisi yamelala, unayaangalia mpaka yanakutana na mbingu, sasa maji yaliyosimama wima yanakuwaje?

Ila hajawahi kupanda akayafikia. Jumapili moja wenzake walipanda yeye alikuwa na homa akabaki kambini, basi ikapita hivyo hivyo. Mwezi uliopita tunakula usiku akasema tu, "sijui yale maji bado yanashuka", akaendelea na ugali wake. Mimi usiku ule sikulala vizuri.

Nauza nyavu na vifaa vya uvuvi pale Kirumba, nimejibana nimepata milioni moja na nusu kwa ajili ya safari hii. Tutakuwa wanne, mimi, mzee, dada yangu na kijana wangu wa miaka 12. Shida ni goti la kulia la mzee, anatembea na fimbo, kwenye tambarare anaenda vizuri tu ila ngazi zinampa tabu na kushuka ndio zaidi. Presha pia ipo anameza dawa kila siku. Je ataweza kupanda Sanje? Kama hawezi, kuna namna ya kuyaona bila kupanda, au nitakuwa nimemsafirisha mzee zaidi ya kilomita elfu moja aje akae kwenye benchi getini? Na usafiri upi utamfaa? Dada yangu anapinga safari yote, anasema namtesa. Msaada wenu tafadhali.

---

Samaki_Sato:

Pole na hongera mkuu kwa kumuwaza mzee. Mimi naona mnajitafutia umbali bure, kama ni msitu Rubondo ipo hapa hapa ziwani, kisiwa karibu chote ni msitu mnene, sokwe wapo, tembo wapo, na sasa hivi daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa hakuna tena kusubiri pantoni, unapita unaitafuta Geita asubuhi asubuhi. Mzee anakaa kwenye boti goti linapumzika. Fikiria hilo.

---

Mama Kulwa:

Samaki_Sato Rubondo ni pazuri nimefika, ila soma tena alichoandika. Mzee hajasema anataka msitu. Amesema yale maji. Rubondo hakuna maporomoko.

---

BuguruniMpakaBuza:

Hayo si ndio maporomoko ya wale vyura waliopelekwa Marekani? Nilisikia kule hawaruhusu watu kwenda hovyo mkuu ulizia kwanza usije ukafika ukageuzwa.

---

Mwl_wa_Sayansi:

Hapana ndugu, hao unaowasema ni vyura wa Kihansi. Ni milima hiyo hiyo ya Udzungwa lakini ni korongo lingine mbali na Sanje, ukishapita Ifakara unaelekea upande wa Mlimba. Acha niwaeleze kidogo maana ni habari inayoniuma mpaka leo na wanafunzi wangu huwa nawasimulia kila mwaka.

Kihansi maji yalikuwa yanaanguka kwa nguvu mpaka yanatoa rasharasha muda wote, pale pembeni mawe na majani hayakauki mchana wala usiku, na katika eneo hilo la kama hekta mbili tu ndipo walipokuwa wanaishi vyura wadogo wa manjano, urefu hauzidi sentimita tatu, hawatagi mayai, wanazaa watoto kabisa. Dunia nzima walikuwa pale tu. Walikuja kutambuliwa mwaka 1996 wakati bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa. Mwaka 2000 mitambo ilipoanza kazi sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mashine, rasharasha ikakatika, vyura wakaanza kuisha. Mwaka huo huo wakachukuliwa karibu 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa, kule korongoni wakafunga mabomba ya kunyunyizia maji lakini ukaja na ugonjwa wa ukungu wa ngozi, mwaka 2009 wakatangazwa kwamba porini hawapo tena. Wale wa Marekani ndio waliokuja kurudishwa, 100 wakaletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, halafu kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao. Watu wengi waliwacheka sana wale vyura enzi hizo, wakisema hela zinatumika kwa vyura. Mimi sijawahi kuona cha kuchekesha pale, umeme tunauhitaji na mimi nafundishia kwenye taa zake, lakini kiumbe mwenye nyumba moja tu duniani ukimzimia bomba anakwenda wapi?

Sanje haina bwawa. Maji yake yanashuka kama yalivyokuwa yanashuka mzee wako alipokuwa na miaka 19. Huo ndio ujumbe wa kumpelekea kwanza leo usiku, kwamba ndiyo, bado yanashuka.

---

MtotoWaNyakato:

Mwalimu nimemsomea ulichoandika. Amenyamaza kidogo akauliza, huyo aliyeandika amefika? Nikamwambia sijui. Umefika mwalimu?

---

Mwl_wa_Sayansi:

Nimefika mara mbili, mwambie. Mara ya mwisho mwezi wa saba na wanafunzi wa kidato cha tatu.

Sasa kuhusu kupanda nikuambie ukweli wote. Udzungwa hakuna barabara ndani ya hifadhi, ni kwa miguu tu, sio Serengeti kwamba utakaa kwenye gari. Njia ya Sanje inaanzia kijijini Sanje, kama kilomita tisa au kumi kutoka ofisi za hifadhi zilizopo Mang'ula, na kupanda na kushuka kwa mtu mzima wa afya ni kama masaa manne pamoja na kupumzika. Inapanda ndani ya msitu, kuna sehemu umewekewa ngazi na kuna sehemu ni mizizi na udongo, jua hulioni ila jasho utaliona. Maporomoko yenyewe ni ya ngazi tatu, kimo kama mita 170, maji yanaanguka yanatua kwenye kidimbwi yanaanguka tena, na kuna sehemu unafika unasimama juu unaona bonde lote la Kilombero na mashamba ya miwa mpaka macho yanachoka, halafu unaoga kwenye dimbwi maji ya baridi haswa. Ndicho kitu cha ajabu cha pale, huyaoni yote kwa mara moja, ukiwa chini unaona mstari mweupe, ukiwa katikati unaona kipande kimoja tu na kusikia vingine.

Kwa goti unalolieleza, kupanda mzee anaweza kujikaza akafika. Kushuka ndiko kutakakomvunja. Wanafunzi wangu wa miaka 17 walishuka miguu inatetemeka. Simshauri.

---

Sista_Bugando_Zamani:

Mimi ni muuguzi mstaafu nipo Ilemela, naomba niseme mambo ya mwili hayo mengine mtamalizana.

Mwanangu, goti la namna hiyo kwenye kushuka mlima linabeba uzito mara kadhaa ya linavyobeba kwenye tambarare, kwa hiyo mwalimu amesema kweli. Kabla ya safari mpeleke akapimwe presha na hilo goti liangaliwe, sio mnafika porini ndio mnagundua presha ipo juu. Dawa zake zibebwe kwenye mkoba wa mkononi na zizidi siku za safari, msiziweke kwenye begi la buti la basi, hilo nimeliona likimtokea mgonjwa begi likaenda Dar yeye kashukia Singida. Kwenye basi asikae masaa manne mfululizo hajanyanyuka, kila basi likisimama ashuke atembee hata dakika tatu, miguu ya wazee ikining'inia muda mrefu inavimba na damu inaweza kuganda. Maji anywe, wazee wengi wanakwepa maji safarini kwa kuogopa choo halafu presha inavurugika.

Na bonde la Kilombero lina malaria. Pale Ifakara kuna taasisi kubwa ya utafiti wa malaria na haikuwekwa pale kwa bahati. Chandarua mbebe chenu, dawa ya kupaka mbebe, jioni mikono mirefu. Mtoto wa miaka 12 umsimamie kwenye hilo.

---

KondaMstaafu:

Nije kwenye usafiri maana hii ndio kazi yangu miaka 18 njia ya Mwanza.

Achana na wazo la kupanda basi la moja kwa moja mpaka Morogoro, kwa mzee ni adhabu. Sasa hivi mabasi yanaruhusiwa usiku na mchana, lakini mimi nakushauri mpande la alfajiri pale Nyegezi, mtapita Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Manyoni, jioni mnaingia Dodoma mnalala. Lala Dodoma, usiwe na haraka. Kesho yake mnapanda treni ya SGR Dodoma mpaka Morogoro, hiyo mzee ataifurahia mwenyewe, viti vizuri, choo kipo, hakuna matuta. Kutoka stesheni ya Morogoro mnachukua bajaji mpaka stendi ya Msamvu, pale kuna mabasi na kosta za Ifakara, zinapita Mikumi halafu zinakata kushoto kwenda Kidatu, Mang'ula ipo njiani. Kutoka Kidatu mpaka Ifakara zamani ilikuwa vumbi na mashimo mtu mzima anashuka mwekundu, siku hizi ni lami. Na mkipita katikati ya hifadhi ya Mikumi mchana mnaona twiga na pundamilia bure kabisa kutoka dirishani, kijana akae upande wa dirisha.

Kama una nguvu kidogo, mzee na dada waende kwa ndege Mwanza Dar halafu SGR Dar Morogoro, ile ya kawaida ilikuwa 13,000 na ni chini ya masaa mawili, wewe na kijana mkate na basi mkutane Moro. Ila kwa bajeti yako ya watu wanne naona ya Dodoma ndio inakaa.

---

Reli_ni_Uhai:

Mbona hakuna aliyetaja TAZARA yenyewe?? Mzee ameijenga reli kwa mikono yake, kwa nini asiingie kwa reli? Treni ya TAZARA kutoka Dar inapita Mang'ula pale pale. Ratiba yake inabadilika mno na huwa inachelewa kwa hiyo piga stesheni uhakikishe kabla hujakata tiketi yoyote nyingine, lakini hata kama hamtaipanda nendeni mkasimame stesheni ya Mang'ula akaguse reli. Ile reli ilianza kujengwa 1970 ikaisha 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi Zambia, watu wamekufa pale, na waliobaki hai wanaisha mmoja mmoja bila hata kuulizwa waliona nini. Mkuu mrekodi mzee sauti, hata kwa simu, usingoje.

---

Mang'ula_Kwetu:

Wakubwa nawasalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mang'ula B, nimeuona uzi huu kwa mtu kanitumia na nimefungua akaunti ili nijibu.

Mzee anaweza kuyaona maporomoko ya Sanje bila kupanda hata hatua moja. Ukiwa barabarani maeneo ya Sanje ukiinua macho mlimani unayaona, ni ule ule mstari mweupe anaousimulia, sisi tumekulia tunauona. Asubuhi ndio vizuri kabla mawingu hayajashuka na jua likiwa linapiga mlima kwa mbele, saa moja mpaka saa tatu hivi. Mchana mara nyingi ukungu unakaa juu na unaweza kuja ukaondoka hujaona kitu, kwa hiyo lazima mlale, msije siku ile ile na kurudi.

Halafu kuna maporomoko mengine madogo karibu kabisa na ofisi za hifadhi, yanaitwa Prince Bernhard, yamepewa jina la yule Prince wa Uholanzi, mume wa aliyekuwa Malkia Juliana, aliyekuja wakati hifadhi inafunguliwa 1992. Njia yake ni kama kilomita moja, dakika arobaini kwa mwendo wa kawaida, mzee wa fimbo akienda taratibu kwa saa moja na nusu na mtu wa kumshika mkono anafika. Ni madogo ukilinganisha na Sanje lakini ni maji yanaanguka kwenye mwamba ndani ya msitu, ataguswa na rasharasha usoni. Njiani mnaweza kukuta mbega wekundu wa Udzungwa, hao hawapo popote duniani zaidi ya milima hii na bonde lake. Na yupo nyani mwingine wa hapa hapa Sanje, wazee wetu wanamuita ng'olaga, wanasayansi walikuja kumjua 1979 baada ya kusikia mlio wake msituni na kuuliza ni nini, wenyeji wakashangaa maana wao wanamjua tangu enzi.

Kuingia lazima muongozaji kutoka ofisini, msikubali kijana wa barabarani anayesema ana njia yake, msituni kuna tembo na nyati kweli na sio hadithi. Malipo hayafanyiki kwa pesa mkononi, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu au kadi, kwa hiyo simu iwe na salio. Bei ya Mtanzania ni ndogo, beba kitambulisho cha taifa. Na tafadhali sana msibebe chakula kwenye rambo, beba kwenye chombo mrudi nacho.

Nawaomba na jambo moja tu. Mkifika msituone sisi wa pembezoni kama watu wa kufukuza. Zamani tulikuwa tunaruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu siku moja kwa wiki, mwaka 2011 ikafungwa moja kwa moja. Mama zetu walihangaika sana, wengine mpaka leo wanapikia pumba za mpunga na kununua mkaa wa mbali. Tumekubali kwa sababu tunajua maji ya bomba na ya mashamba yetu yanatoka kwenye msitu ule, ukikatwa hakuna Sanje na hakuna mpunga. Kwa hiyo mkila, kula kwa mama lishe wa kijijini, mkilala laleni gesti za pale, mkinunua ndizi nunueni pale. Ndio malipo yetu ya kuutunza.

---

Mama Kulwa:

Mang'ula_Kwetu umenigusa, asante kwa kufungua akaunti.

MtotoWaNyakato nakuachia na hili. Mimi nilimpeleka mama yangu mahali, sitapataja, sisi vijana tukapanda yeye tukamuacha getini na soda na simu. Tulichelewa, tukarudi saa kumi na moja jioni. Tangu asubuhi. Hakulalamika hata neno moja, akasema tu "mmeona vizuri?" Amefariki miaka mitatu sasa na ile sauti ninayo. Siku ya kupanda kwenu wewe au dada mmoja abaki na mzee na wawe na shughuli yao, sio kusubiri. Yaani siku hiyo iwe ya mzee, kupanda kwenu ndio iwe nyongeza.

---

Dada_wa_Nyakato:

Mimi ndiye dada anayetajwa hapo juu. Nimesoma majibu yote. Sikupinga kwa ubaya, mimi ndiye ninayemkanda lile goti usiku nikiona linavyovimba. Mkiniambia kuna njia ya kilomita moja na kuna kuyaona kutoka barabarani hapo naelewa. Nitabaki naye mimi. Twende mwezi wa sita shule zikifunga.

---

Mwl_wa_Sayansi:

Mwezi wa sita mwishoni ni sahihi kabisa, masika yameisha njia inaanza kukauka na maji bado ni mengi. Machi mpaka Mei utelezi ni hatari, na ukichelewa mpaka Oktoba maji yanakuwa yamepungua. Bebeni raba zenye meno, soksi ndefu suruali ziingizwe ndani maana siafu wa pale hawana subira, na mzee awe na fimbo mbili badala ya moja.

---

MtotoWaNyakato:

MREJESHO. Samahanini kwa kukaa kimya, tumerudi Jumatano na biashara ilinisubiri.

Tulifuata njia ya KondaMstaafu, Nyegezi alfajiri, tukalala Dodoma, SGR mpaka Moro. Kwenye ile treni mzee hakulala hata dakika moja, alikuwa anaangalia nje anahesabu madaraja na mahandaki, anamweleza mjukuu wake kwamba handaki linachimbwa hivi, kokoto zinashindiliwa hivi, watu wa viti vya jirani wakaanza kusikiliza na wao. Kosta kutoka Msamvu ndio ilitutesa, ilijaa kupita kiasi na mzee alikaa amekunja mguu karibu njia nzima, tulifika Mang'ula goti limeshaanza kuuma. Siku ya kwanza hatukufanya kitu, tulikula wali samaki kwa mama mmoja pale karibu na soko, dada akamkanda, tukalala. Chandarua tulikitumia. Asante Sista.

Asubuhi saa moja tukachukua bajaji mpaka Sanje. Anga safi. Dereva akasimamisha akasema haya mzee hayo hapo, na kweli yapo, mimi nywele zilinisimama, mstari mweupe katikati ya kijani kama alivyosema miaka yote. Mzee akashuka, akaangalia, akasema, "sio hapa."

Tukachanganyikiwa. Akasema maji ndiyo hayo hayo ila sio hapa nilipokuwa naangalia, kambi haikuwa hapa. Akaanza kutembea na zile fimbo mbili, akaivuka barabara akashika kinjia kuelekea upande wa reli, dada anamfuata anamwambia baba taratibu, na yeye anasimama kila hatua chache anageuka anaangalia mlima, anasogea tena. Tulitembea hivyo kama nusu saa. Sasa kuna nyumba, kuna migomba na miti mikubwa ya watu, zamani anasema palikuwa peupe. Tukaikuta reli. Akasimama kati ya mataruma, akageuka, akasogea kushoto kama hatua sita, akasema hapa.

Akakaa pale pembeni kwenye jiwe. Hakusema kitu muda mrefu, na sisi tukakaa. Halafu akaanza kutaja majina. Watu aliokuwa nao hema moja, mmoja wa Kahama, wawili wa Songea, Mchina mmoja aliyekuwa anawafundisha kuhesabu kwa kichina. Dada alikuwa ameshawasha simu kurekodi, Reli_ni_Uhai nilikukumbuka. Tuna dakika 52.

Siku iliyofuata tulimpeleka Prince Bernhard. Muongozaji alikuwa kijana mwenye heshima mno, alimshikia mzee mkono kila penye mzizi na hakumharakisha hata mara moja, tulitumia karibu saa mbili kwenda tu. Mbega wekundu tuliwakuta kwenye mti mmoja kama kumi na wawili. Pale kwenye maji mzee alivua kofia akaacha rasharasha impige kichwani. Dada aliyekuwa anapinga safari ndiye aliyelia.

Sanje nilipanda mimi na kijana siku ya tatu, dada akabaki na mzee wakaenda stesheni. Mwalimu hukutia chumvi, kushuka magoti yangu mwenyewe yalitetemeka na nina miaka 41. Lakini pale juu kwenye dimbwi kijana wangu alisimama chini ya maji akawa anapiga kelele hata simsikii, mdomo unafunguka tu. Nilichukua video. Tuliporudi jioni nikampa mzee simu aangalie, akaangalia mpaka mwisho akaniuliza, "mbona sauti yake sio?" Nikamwambia baba ni simu, upepo umeingia. Akasema usiku wa masika kambini walikuwa wanalala wanayasikia, sio kelele, ni kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili. Usiku ule nilitoka nje ya gesti nikasimama kusikiliza, tulikuwa mbali sikusikia kitu.

Hesabu kwa wanaouliza, milioni moja na nusu ilitosha na ikabaki kidogo, kilichokula hela zaidi ni kulala siku nyingi, ila usipunguze hapo. Goti lilivimba siku mbili baada ya kurudi, sasa limeshuka. Kosta ndio kosa, ningejua ningekodi Noah kutoka Moro kwa ajili ya mzee.

Mang'ula_Kwetu, yule mama wa wali samaki alikataa hela ya sahani ya mzee baada ya kusikia alikuwa wa reli. Tuliiacha chini ya sahani. Wabeja sana wote.

---

Mang'ula_Kwetu:

Karibuni tena. Hapo mlipokaa penye jiwe napajua, jioni vijana wanachungia mbuzi. Nitawauliza wazee wa Sanje kama kuna anayekumbuka ile kambi, nikipata jina nakuandikia hapa hapa.

---

MtotoWaNyakato:

Nitashukuru sana. Jaribu kuulizia hema la watu wa Kanda ya Ziwa, anasema walikuwa wanajulikana kwa kuimba usiku.